Betri ya Gari la Kaka Yako

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako. Natumaini lile jino limeacha kukusumbua, na kwamba safari hii ulikwenda kuling'oa badala ya kulibembeleza kwa vidonge kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama yako goti linamuuma asubuhi na kupoa mchana, na bado hataki nimshike mkono kwenye ngazi za mlangoni. Anasema yeye si sinia la vikombe. Mimi ninaendelea na kazi yangu ya kushona mapazia. Hivi sasa tunashona ya ukumbi mzima, kitambaa kizito cha rangi ya zambarau, na jioni nikifika nyumbani hata chai naiona ya zambarau.

Uliponipigia simu juzi ukauliza habari za kuuzwa kwa gari, nilikujibu kwa mkato, na najua ulikata simu umekasirika. Nisamehe. Simu yetu inashika mtandao sebuleni tu, na Mama alikuwa ameketi pale pale anachambua mchele. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Tafadhali soma ukiwa peke yako, na ukimaliza usimpigie Mama siku hiyo hiyo. Sababu utaiona mbele.

Nianze na gari lenyewe, maana wewe uliliona kabla kaka yako hajalichokonoa. Lilikuwa gari la kwenda kazini siku zote, na Jumapili moja moja analipeleka kwenye ule uwanja wa ndege uliofungwa, kushindana na wenzake kwenye mstari ulionyooka. Mwisho wa mstari ukifika, mchezo umekwisha, muda ambao mimi singemaliza hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwa sababu ya mchezo huo alikuwa anapunguza uzito. Alitoa kiti cha nyuma. Alitoa tairi la akiba, zulia, hata kile kisahani cha majivu ya sigara, na kila alichotoa alikipima kwenye mizani yangu ya unga akaja kunionyesha jikoni amefurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nilimwambia bado kidogo atanitoa na mimi. Akasema mimi nitabaki, lakini pochi yangu atahitaji kuitazama.

Kitu cha mwisho kilikuwa betri. Alihangaika nayo miezi. Ile ya zamani, ya risasi na maji ya tindikali, ilikuwa nzito kiasi kwamba aliibeba kwa mikono miwili huku amekunja uso. Kulikuwa na ya pili, betri kavu, nusu ya uzito huo. Na kulikuwa na ya lithiamu, ambayo siku moja aliiazima akanipa niishike, nikainyanyua kwa mkono mmoja kama chupa ya chai. Nikamuuliza anangoja nini basi. Akanieleza kwa subira, kama alivyokuwa, kwamba ile ndogo ina nguvu ya kuamsha injini lakini haina akiba. Gari la mashindano matupu halijali, linawashwa, linakimbia, linazimwa. Gari lake lilikuwa pia la barabarani, la kukaa kwenye foleni taa zinawaka na feni inazunguka, na ile ndogo ikikamuliwa sana hujizima yenyewe ili isiharibike, hapo huna hata honi. Alikuwa bado hajaamua alipotutoka.

Asubuhi ile ya mwisho ninaikumbuka kwa masikio. Nilikuwa jikoni namimina chai. Unajua banda la gari linaegemea chumba cha Mama, ukuta mmoja tu katikati, na unajua ile pampu kubwa ya petroli aliyoiweka, ukifungua swichi inavuma kidogo kabla injini haijawashwa, mlio kama nyuki ndani ya debe. Mama alikuwa akigonga ukuta kwa kandambili kila asubuhi, na mimi nilicheka nikasema anamfukuza. Asubuhi ile nilisikia pampu inavuma, ikanyamaza. Ikavuma tena, ikanyamaza. Ikavuma mara nyingine. Ndipo injini ikawaka akaondoka. Nikajisemea moyoni kwamba betri inakufa. Mchana wakaja wenzake wa kazini kunieleza kuwa ameanguka kwenye maegesho, kando ya gari. Daktari alisema ni moyo. Mimi, bila kumwambia mtu, niliongeza langu: moyo, na betri iliyokataa, na mtu kusukuma gari peke yake juani.

Sasa nije kwa Bado. Unamfahamu, yule fundi umeme wa magari, mfupi, rafiki wa kaka yako tangu shule, ambaye mtaa mzima unamwita Bado kwa sababu ukimuuliza kama gari lako liko tayari, hilo ndilo jibu utakalopata. Yeye ndiye aliyekwenda kulichukua gari kule kazini akalirudisha bandani, na kiti akakirudisha nyuma kama alivyokikuta. Alisema liliwaka mara moja, halikusumbua. Sikumwamini. Ufunguo alibaki nao, kwa kuwa alikuwa akija kila baada ya siku kadhaa kulichaji na kulifuta vumbi, na mimi wakati ule sikuwa na nguvu ya kuulizia ufunguo wala kitu kingine.

Baadaye alikuja akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, akaniambia wenzake wa uwanjani wangependa gari likimbie mara moja tu, kwa heshima ya marehemu mwenyewe, na kwamba yeye yuko tayari kuweka ile betri ya lithiamu bure. Nikamuuliza ya zamani ina kosa gani. Akajibu haina kosa hata kidogo, ila ni nzito. Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia mchanga. Kama ile ya zamani ni nzima, asubuhi ile ilikataa nini? Na kama ni mbovu, basi alikuwa akimdanganya rafiki yake, na sasa ananidanganya mimi. Hata hivyo nilikubali, kwa kuwa nilitaka ile ya zamani iondoke machoni pangu. Akaibeba kwenda nayo karakana kwake, akaweka ile ndogo nyuma kwenye buti, mbali na joto la injini.

Nilipokueleza kwenye simu ulicheka kicheko kikavu ukasema nifungue macho, huyo analitaka gari. Sikukulaumu. Lakini maneno hayo yaliniingia kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Kila nikikaa, inachoma.

Maana haikupita muda, betri mpya ikafa. Si kufa kwa kusuasua. Nilifungua mlango, hakuna taa, hakuna mlio, kama vile buti ina boksi tupu. Bado akaja na mita yake, akapima, akakuna kichwa, akaichaji kwa chaja yake maalumu ikafufuka. Siku chache, ikafa tena. Ile kuukuu ilikaa bandani muda wote ule wa msiba haikulalamika. Hii mpya ya kisasa inakata roho kila nikigeuka. Nikaanza kuwaza kama ulivyonifundisha kuwaza. Anataka gari linichoshe. Anataka siku moja niseme chukua, niondolee kero hii.

Kisha nikaona mengine. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele. Kaka yako alikuwa mrefu kama wewe, kiti chake kilikuwa nyuma kabisa, na mimi tangu msiba sikuwa nimekigusa. Nani mfupi? Bado. Na mkanda wa dereva ulikuwa umefungwa, umeingizwa kwenye kifungo chake, juu ya kiti kisicho na mtu. Mtu hafungi mkanda ili afute vumbi. Nikasema analiendesha. Analipeleka uwanjani nikiwa kazini, analishindanisha, analirudisha bila betri.

Basi nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikachora mstari kwenye tairi ukashuka hadi sakafuni, mstari mwembamba ambao hauonekani na mtu asiyeutafuta. Kila jioni nilikwenda kuutazama. Haukusogea hata unywele. Lakini kiti nilikirudisha nyuma, nikakikuta mbele. Mkanda niliufungua, nikaukuta umefungwa. Betri ikafa tena. Shemeji, nilikuwa nasimama kwenye lile banda nywele zinanisimama.

Niliitoa ile betri mwenyewe, nikaitia kwenye mfuko wa vitambaa, nikaenda nayo duka la mbali ambako hawamjui Bado. Mama mwenye duka aliichomeka kwenye mashine yake, akanywa soda yake taratibu, akaniambia betri yangu haina ugonjwa wowote, kuna kitu kwenye gari kinaila. Akaniuliza nani anagusa gari hilo. Nilimwambia fundi. Akanitazama kwa huruma akasema basi dada, umeshajijibu.

Nikaenda moja kwa moja karakana. Bado alikuwa ameinama ndani ya boneti ya teksi, na wenye magari wamekaa kwenye benchi wanamtania kwamba wameleta magodoro kabisa. Nilimwambia mbele yao wote anipe ufunguo wa gari la mume wangu. Nilitegemea atajitetea, au ataniuliza kosa lake. Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja, akautoa ufunguo kwenye mnyororo wake akaniwekea kiganjani. Aliniambia tu kwamba nikihitaji kuchajiwa nimtumie mtu. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshinda, na sikuelewa kwa nini nilitaka kulia.

Ufunguo niliuweka kwenye sidiria yangu, usicheke. Na siku ya pili yake kiti kilikuwa mbele, mkanda umefungwa.

Hapo nilishuku kila kiumbe. Nilimshuku mpangaji wa chumba cha nyuma, maskini, ambaye hata baiskeli inamshinda. Nilimshuku yule mnunuzi uliyemtuma aje kulitazama gari, jinsi alivyopita akigonga gonga bati kama mtu anayenunua tikiti maji. Na nilikushuku wewe pia, nisikufiche. Nilijiuliza kama wewe na Bado hamjapanga jambo, mmoja ananitisha kwa simu, mwingine anaua betri, ili gari liuzwe upesi. Nisamehe kwa hilo. Nilikuwa kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake, kila uso ulikuwa umepinda.

Mama naye hakuwa akinisaidia. Kulikuwa na siku hataki kula, anageukia ukutani, nikimuuliza anasema goti. Nilianza kudhani ananishuku mimi, kwamba sikumtunza mwanawe. Laiti ningeziweka siku zile kando ya siku betri ilipokuwa imekufa, ningeona zinalingana kama mapande mawili ya pazia moja.

Jumatano iliyopita umeme ulikatika kiwandani, mashine zikanyamaza, tukaruhusiwa kurudi. Niliingia nyumbani mchana mweupe. Mlango wa Mama ulikuwa wazi na hayumo. Nikiwa bado nimesimama na viatu mkononi, nikaisikia pampu. Ule mlio wa nyuki ndani ya debe.

Nilikwenda hadi mlango wa banda. Mama yako alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Amevaa kanga yake nzuri, mkoba umetulia mapajani, na mkanda umefungwa nyuma ya mgongo wake. Pampu iliponyamaza, alitoa mkono dirishani, akauegemeza kwenye ukuta wa chumba chake mwenyewe, akagonga mara mbili. Akasubiri kimya. Akazima swichi, akaifungua tena, pampu ikavuma, akagonga.

Nilitaka kurudi nyuma lakini kiatu kiliniponyoka. Alinitazama bila kushtuka, akaniambia niingie basi, nisisimame mlangoni kama mdai. Nikazunguka nikaketi upande wa pili. Akaniambia nifunge mkanda, la sivyo ile kengele italia na hatutasikia kitu. Ndipo nilipoelewa habari ya mkanda: mkono wake haugeuki kuufunga akiwa amekaa, kwa hiyo anaufunga kwanza halafu anaukalia, ili kengele inyamaze. Na ufunguo ulikuwa ule wa akiba, ambao kaka yako alimwachia zamani kwa sababu alikuwa bingwa wa kujifungia nje.

Aliniambia jambo ambalo mimi niliyelala na kaka yako chumba kimoja sikulijua. Kule kugonga kwa kandambili hakukuwa kumfukuza. Kila asubuhi kaka yako alifungua swichi, pampu ikavuma, Mama akisikia anagonga mara mbili: nimekusikia, nenda salama. Na kaka yako hakuwasha injini mpaka agongewe. Walianza siku ile pampu ilipowekwa, kwa utani, ikawa desturi yao. Hawakuwahi kuizungumza, hata wao wawili.

Asubuhi ile ya mwisho goti lilikuwa limemfanya akeshe. Usingizi ulikuwa ndiyo kwanza umemshika, na pampu ikamwamsha, akakasirika. Akasema moyoni leo sigongi, ajifunze kuwaacha watu walale. Pampu ikavuma tena, akavuta shuka kichwani. Ikavuma tena. Kisha injini ikawaka.

Shemeji, betri haikuwa mbovu. Alikuwa anangoja agongewe.

Mama hakulia aliponieleza. Alisema mtoto yule alikuwa na subira kupita kiasi, alipata wapi, si kwa baba yenu wala si kwake. Akasema anakuja pale mchana nikiwa kazini, anafungua swichi kama mwanawe alivyokuwa akifungua, kisha anamgongea. Mara nyingine anabaki amekaa tu na taa za dashibodi zikiwaka, mpaka miguu ife ganzi. Na siku gari linapokataa kuvuma, anahisi kama amekasirikiwa.

Akaniapisha nisikuambie. Anahofia utasema ameanza kuchanganyikiwa, na kwamba utaharakisha kuliuza gari kwa ajili ya afya yake. Niliapa, nikimshika mkono, na leo nakuandikia. Huko ndiko kuvunja kwangu ahadi, na sijutii, kwa kuwa mnunuzi wako alisema anarudi na fedha mwisho wa mwezi, na wewe ulikuwa unauza kitu usichokijua. Mimi pia nilikuwa sikijui.

Nilikwenda karakana siku iliyofuata. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, na kwa kuwa nilimnyang'anya ufunguo mbele za watu, niliurudisha mbele za watu, nikasema kwa sauti kwamba nilimkosea. Mzee mmoja akatania kwamba msamaha huo ulipiwe soda, na yeye apate yake. Nilipomweleza Bado pembeni, alikaa kwenye tairi akaficha uso kwa kile kitambaa chake cheusi cha grisi, na alipokitoa alikuwa amejipaka paji zima. Alisema alikuwa ameona kiti kimesogea. Alidhani ni mimi. Alidhani mimi ndiye ninayekwenda kukaa mle nikilia, akaona aibu kuniuliza, akawa anachaji na kunyamaza. Ona tulivyokuwa, kila mmoja akimchunguza mwenzake kupitia kiti kimoja.

Nikamwuliza betri ipi sasa. Akanieleza kama kaka yako alivyokuwa akieleza, kwamba ya lithiamu ndiyo nyepesi, na kwa uwanjani hakuna kama hiyo, na kwamba ile kavu ingekuwa ya katikati. Kisha yeye mwenyewe akatikisa kichwa. Kwa mtu anayefungua swichi na kukaa bila kuwasha injini, alisema, panatakiwa akiba, na akiba ni uzito. Akainama chini ya meza yake ya kazi akaivuta ile ya zamani, imefunikwa gunia, safi, imejaa chaji. Hakuwa ameiuza. Tuliibeba pamoja hadi kwenye mkokoteni wake, tumekunja uso wote wawili.

Akaniuliza kama wenzake wa uwanjani awaambie gari litakuja siku moja. Safari hii ni mimi niliyejibu bado. Alicheka mpaka benchi likageuka kutazama.

Kwa hiyo ninakuomba, mwambie mnunuzi wako asihangaike. Najua una madeni yako huko na ulitegemea sehemu yako. Tutaongea, nitashona hata usiku tukubaliane. Lakini gari libaki bandani hadi Mama mwenyewe achoke nalo. Ukimpigia simu mwulize goti, mwulize mchele, usimwulize gari. Akikutajia yeye, shangaa.

Na ukija likizo, najua utakwenda kulikalia, huwezi kujizuia. Kaa utakavyo, sogeza kiti nyuma kabisa miguu yako ipate nafasi. Ukishuka, naomba ukirudishe mbele pale ulipokikuta, na mkanda uufunge.

Mpangaji anakusalimu, na Bado pia, ameniambia niandike kwamba umwandalie ile redio ya gari uliyomwahidi. Mama anakusalimu sana, amekula vizuri jana na leo. Pokea upendo wetu wote, na jino lile ling'oe.

Ni mimi shemeji yako,
mke wa kaka yako